Hongera za Jelte

Zwolle,
Jumatano, Machi 13

Mpendwa dada Tineke,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Harm. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepungua kuvimba, na theluji ya huko Ontario imeanza kukuachia njia ya kufika kwenye sanduku lako la posta. Mumeo Gerrit je, bado anagombana na daktari juu ya chumvi? Mwambie tunamkumbuka. Sisi huku tu wazima wa mwili. Upepo ni ule ule wa Machi unaoujua, baiskeli zinaanguka zenyewe mbele ya nyumba na hakuna anayejisumbua kuziinua.

Ujumbe wako wa sauti niliukuta Jumatatu. Niliusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza kilio kilikuwa kingi kuliko maneno. Ulisema hujui ulikuwa na akili gani. Uliufungua ukurasa wa Machi mapema kwenye kalenda yako ya siku za kuzaliwa, ile ya chooni, kama desturi yako kwa sababu posta huchelewa, ukaliona jina la mwanangu Jelte kwenye tarehe tisa, pale lilipo tangu azaliwe, na mkono ukaandika kadi ya hongera kabla kichwa hakijaamka. Hukukumbuka kwamba tulimzika Septemba mpaka Jumapili, ukiwa kanisani. Dada, usijilaumu. Hukumwona akishushwa, goti lilikukatalia kupanda ndege, na jambo ambalo macho hayakuliona halikai sawasawa kichwani. Halafu hizi kalenda zetu za siku za kuzaliwa hazina mwaka. Mtu akishaandikwa ameandikwa. Nasikia wengine huweka msalaba mdogo kando ya jina. Sisi hatujaweka.

Lakini sikuandikii kukufariji tu. Nina jambo la kukuambia, na nitalifikia. Unanijua, nimekuwa karani wa shule miaka thelathini na mmoja, siwezi kuanza kitu katikati. Basi nianze na asubuhi ya Jumamosi, siku yenyewe.

Nilipoteremka jikoni saa moja nilimkuta Harm ameshamenya matufaha kilo mbili. Sebuleni alikuwa ameshapanga viti kwa duara, kumi na viwili, vya mezani na vile vya kukunja ambavyo hukaa darini. Nikamuuliza ni vya nini. Akanijibu bila kugeuka kwamba leo ni tarehe tisa, watu watakuja. Hawatajua la kusema, alisema, watakaa kwenye duara watakula keki, kwani miaka mingine huwa wanasema nini? Watakupa mkono, hongera kwa mwanao, watampa mkono anayefuata, hongera kwa mpwa wako, mpaka wamalize duara, kisha watazungumzia barabara. Alitaka hivyo hivyo. Alisema hata wakizungumzia barabara tu, sawa, mradi wamekuja kwa ajili ya Jelte.

Nikamwambia twende Den Haag tukaangalie picha. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apande juu ya paa na viatu vya kanisani. Makumbusho, yeye, na leo? Katika ndoa yetu yote ameingia makumbusho mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa juu ya ngazi anapaka dari. Nikasema siwezi kukaa humu ndani leo. Hilo lilikuwa kweli, ingawa si kwa sababu aliyoidhani. Akaitoa keki kwenye jiko, akaifunika kwa kitambaa. Kisha akabandika karatasi mlangoni: Tumetoka, tutarudi saa kumi na mbili jioni, keki ipo. Viti hakuviondoa.

Katika treni aliiweka simu juu ya kile kimeza kidogo cha dirishani, uso juu. Mimi nilitazama mashamba. Dada, nikuambie ukweli kuhusu hali yangu, maana kwenye simu huwa nakwambia sijambo na unaniamini. Tangu Septemba nina ganzi. Si huzuni, huzuni naijua, tulipomzika mama nilikuwa nayo. Hii ni kama ule mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno, unaugusa unajua ni wako lakini unashika nyama ya mtu mwingine. Lile lori lilipopinda kulia na Jelte yuko kando yake juu ya baiskeli, polisi walisema hakuhisi kitu. Nami sijahisi kitu tangu hapo. Nakula, nalala, nafua, namwagilia maua maji.

Tulianza na lile jumba dogo la picha za kale kando ya bwawa. Pakiti yetu ya mikate ya jibini ilibidi ibaki kwenye kabati la mizigo pamoja na makoti, Harm akalalamika kwamba jibini letu haliwezi kumdhuru mtu aliyekufa miaka mia nne iliyopita. Ndani alitembea kama fundi rangi aliyestaafu anavyotembea popote, hakutazama picha hata moja. Alitazama kuta, pembe za dari, mbao za madirisha. Mimi nilisimama mbele ya picha moja baada ya nyingine muda ule ule ambao wenzangu walisimama. Samaki kwenye sahani. Mto ulioganda na watu wanateleza juu yake. Wazee sita wenye kola nyeupe wamekaa kuzunguka meza, Harm akapita nyuma yangu akaninong'oneza kwamba hao nao wanangoja keki. Nilijua ni utani mzuri. Zamani ningecheka.

Kwenye chumba cha juu alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa dirisha kuangalia kazi ilivyofanywa. Mlinzi alikuwa mama wa makamo, mwenye lafudhi ya Suriname, miwani imening'inia kifuani. Akamwambia baba, mikono mfukoni tafadhali. Harm akajitetea, dirisha tu hili, si picha. Mama yule akamjibu kwamba hapa hata dirisha limemzidi umri, kwa hiyo alipe heshima. Harm alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, na papo hapo akamwambia, bila mimi kutegemea, kwamba leo mwanawe anatimiza miaka thelathini na miwili.

Unajua mtu akiambiwa hivyo kwetu hapiti hivi hivi. Mama yule aliubana mkono wa Harm kwa mikono yake miwili. Hongera sana, baba. Akanigeukia mimi, na wewe mama, hongera kwa mwanao, thelathini na miwili, huyo si mtoto tena. Akauliza kama keki ipo. Harm akasema ipo, ya tufaha, kaioka mwenyewe. Akauliza kama kijana anakaa mbali. Harm akasema hapana, dakika kumi tu kwa baiskeli kutoka nyumbani. Na ni kweli, makaburi yako hapo hapo baada ya daraja. Mama yule akasema basi wahini nyumbani, msimwache akingoja, picha hizi haziendi popote. Nami nilimpa mkono, nikasema asante. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilisimama pale nikamtazama mume wangu anavyong'aa usoni, na sikumsahihisha, na sikuhisi kitu.

Tulikula mikate yetu kwenye benchi mbele ya bwawa, kola za makoti zimeinuliwa, ndege wa baharini wakitutolea macho. Ilikuwa saa saba na nusu. Simu ililia mara moja, Harm akaidaka kwa mikono miwili mpaka mkate ukaanguka. Kumbe ni duka la miwani, linamjulisha kwamba miwani yake iko tayari. Ndipo akaanza kuwataja. Douwe, kaka yake, ambaye mapacha wake tumekwenda kuwapa hongera kila Mei tangu wazaliwe, hata ule mwaka wa mafuriko. Binamu zetu wa Kampen. Wale wa mtaani. Rafiki za Jelte wa timu ya kuteleza kwenye barafu. Hakuna hata mmoja. Douwe hawezi kusema kasahau, alisema Harm, kalenda iko chooni kwake mbele ya kiti, anaitazama uso kwa uso kila asubuhi nusu saa nzima. Nikasema labda wanaona haya. Akasema haya ya nini, kusema jina la mtu?

Baada ya hapo tulipanda tramu kwenda lile jumba kubwa la matofali ya njano, la picha za kisasa. Nilidhani atalichukia. Vyumba vyeupe, picha zenyewe ni miraba tu, bluu, nyekundu, nyeupe. Harm alisimama mbele ya moja kwa muda mrefu kuliko picha zote za asubuhi zikijumlishwa. Akaniita nije nitazame ukingo, pale rangi mbili zinapokutana. Huyu bwana alikuwa anajua brashi, alisema, hakubandika utepe hapa kunyoosha mstari, huu ni mkono mtupu. Kisha akakaa kwenye benchi la katikati, akaitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akasema, sauti ya kawaida kabisa, wamemsahau. Miezi sita tu, Wietske. Wamemsahau mwanangu kama mtu aliyehama mtaa.

Pale, dada, ndipo nilipotakiwa kusema. Chumba kilikuwa kitupu, mlinzi amesimama mbali, mume wangu ameinamisha kichwa. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamuuliza kama anataka kahawa.

Hakutaka. Alisema amekata shauri. Duara la mtu yeyote hatakaa tena, mkono wa hongera hatampa mtu tena, wala Douwe, ambaye tarehe thelathini mwezi huu anatimiza sabini na amekodi ukumbi. Mtu asiyekuja kwenye siku ya mwanangu, alisema, mimi siku yake siijui. Nilijua hatanii. Harm akitania humkazia mtu macho, na hapo alikuwa anatazama sakafu.

Tuliporudi karatasi ilikuwa bado mlangoni, haijaguswa. Viti viko kwenye duara. Na kwenye zulia la mlangoni kulikuwa na kadi yako, yenye stempu ya ndege wa huko kwenu. Harm aliifungua hapo hapo amesimama, koti mwilini, akaisoma kwa sauti. Hongereni kwa siku ya kuzaliwa ya Jelte, Mungu ampe mwaka mwema. Aliisoma tena kimya kimya. Akasema Tineke kathubutu. Kati ya watu wote, Tineke, kutoka ng'ambo ya bahari, kathubutu kuandika jina lake na kumtakia mwaka mwema huko aliko. Akakaa kwenye kiti cha kwanza cha duara na akalia, hakuwa amelia tangu Septemba, alilia mpaka mabega yakawa yanagonga mgongo wa kiti. Mimi nilisimama nimeshika skafu yake. Nilijua mke mwema huenda kumshika mumewe, nikaenda nikamshika.

Kisha alikula keki vipande viwili, akaingia chooni na ile penseli yake bapa ya kazini. Alikaa humo muda. Baadaye niliingia nikaona. Amepitia kalenda yote, Januari mpaka Desemba, na kila jina amelipiga mstari kwa rula. Douwe. Mapacha. Kampen yote. Mpaka mtoto wa jirani, wa miaka mitatu. Yamebaki majina manne, langu, lake, la Jelte na lako. Kadi yako ameisimamisha dirishani. Jumapili mke wa Douwe alipiga simu, Harm akaiacha ilie mpaka ikachoka.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Hawakumsahau, Tineke. Mimi ndiye niliyewanyamazisha. Tarehe ishirini Februari niliwaandikia barua pepe watu arobaini na mmoja, kila mtu ambaye angeweza kupiga simu au kugonga mlango. Niliwaomba tarehe tisa wasije, wasipige, wasiandike, wasimtaje. Niliandika, Harm na mimi tunaomba. Harm hafungui barua pepe, unamjua, anasema hiyo ni kazi ya karani. Wewe hukupata kwa sababu wewe na kompyuta hamjawahi kupatana, na kukutumia ya posta nilisahau. Ndiyo maana kadi yako peke yake ilipita. Na ndiyo maana nilimtoa Harm nyumbani, maana nilijua hakuna atakayekuja, na nisingeweza kumtazama amekaa siku nzima kati ya viti vitupu ambavyo nimevifanya vitupu mimi.

Utaniuliza kwa nini. Baada ya mazishi walikuja wengi, na kila aliyekuja alinililia begani, nami nikawa nawapigapiga mgongo, pole, pole, kana kwamba waliofiwa ni wao. Nikaona siku ya Machi itakuwa hivyo tena, viti kumi na viwili, na mimi katikati na sinia, sina hata chozi moja la kuwapa, na wote wananitazama mama gani huyu. Niliona aibu ya ganzi yangu. Hilo tu. Nilitaka siku ipite bila mtu kunitazama.

Douwe peke yake ndiye aliyeuliza. Alijibu siku ile ile. Una hakika, shemeji? Harm mwenyewe anataka hivyo? Mimi ningependa nije, hata nikae tu, sitasema kitu. Nikamjibu kwamba Harm ndiye aliyeomba. Nilibonyeza nikaenda kupika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imefika Den Haag na kurudi, na sasa imefika mpaka kwa ndugu wawili walionyonya ziwa moja.

Na ujumbe wako wa Jumatatu, wa kuomba radhi, nimeufuta kabla Harm hajausikia. Nilianza barua hii kwa nia ya kukuomba umfiche. Akipokea simu, usimwambie kwamba ulikosea, mwache aamini ulithubutu. Nilikuwa nimeshaipanga sentensi hiyo kichwani, ilikuwa sentensi nzuri. Lakini kumbe nikikuomba hivyo, basi aliyemkumbuka Jelte atakuwa ni mtu mmoja tu, na huyo mmoja ni kwa bahati mbaya, na Harm atazeeka na hilo. Nami siwezi kumwambia kwa mdomo. Nimejaribu Jumapili, nimejaribu jana, mdomo unafunguka unatoka ukweli wa kahawa na hali ya hewa.

Kwa hiyo nitafanya hivi. Barua zangu zote kwako huwa naacha nafasi ya vidole vitatu chini kwa ajili ya salamu za Harm, na haandiki kabla hajasoma kwanza nilichosema, anachelea kurudia. Leo pia nimeacha. Nitaiweka mezani na kalamu juu yake, kisha nitaingia jikoni kumenya viazi. Nimekaa nayasoma haya tena, dada. Naogopa. Sijaogopa kitu chochote tangu Septemba.

Msalimie Gerrit, wasalimie wanao na wajukuu, na yule jirani yako wa Friesland anayekuletea kuni. Usilisumbue goti kwenye ngazi za kanisa, Mungu atakuona hata ukikaa nyuma. Ubaki salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Wietske

Shemeji Tineke,
Nimesoma. Hata kama ulikosea, asante kwa kadi, inabaki pale dirishani. Kesho asubuhi nitampigia Douwe. Kwa Wietske bado sina neno.
Harm